Unasikia Harufu Gani?

Wengine wangeanza na kijiji alikozaliwa na jina la babu yake. Mimi sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kuniambia, ingawa mimi ni mtu wa kuulizauliza kila kitu mpaka mama yangu aliniita redio ya mtaa. Ninachojua kuhusu Afisa Usalama wetu kinaanzia mlangoni mwa karakana tuliyofanyia kazi, kule Miyuji, Dodoma. Asubuhi alisimama pale na viatu vyake vizito vyenye chuma mbele, kitambaa kimefungwa kichwani, mikono nyuma. Kila aliyeingia alikutana na swali moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unasikia harufu gani?"

Hakuuliza umeamkaje wala watoto hawajambo. Na hukuruhusiwa kujibu ovyo. Ukisema "harufu ya plastiki", alikuuliza plastiki ipi, nyeupe au nyeusi. Ukisema nyeusi, alitaka kujua inanuka kama tairi au kama gundi ya fundi viatu. Mgeni angedhani mwanamke huyu anafungua duka la manukato. Sisi tulidhani ni mtihani, kwamba yeye ameshanusa, anajua jibu, na anataka tu kuona nani amekuja kazini na nani amekuja na mwili peke yake.

Karakana yenyewe ilikuwa kitu kigeni mjini. Watu walipotuuliza tunatengeneza nini, tukajibu kwamba tunachapa vipuri, walidhani tunawatania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika chumba cha kwanza printa ziliyeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka juu ya tabaka, mpaka ukapata gia ya mashine ya kukamua alizeti au pangaboi la pampu ya kisima. Katika chumba cha pili kulikuwa na mashine moja kubwa, na ndani yake leza iliyeyusha unga wa aluminiamu uliokuwa laini kuliko sembe, ukageuka kipuri cha chuma. Mimi nilikuwa wa chumba cha plastiki. Nililinda printa, nikabadilisha uzi, nikavuta mvuke wake kutwa nzima.

Huo mvuke ndio uliokuwa chanzo cha ugomvi wa dirisha. Anayeijua Dodoma wakati wa kiangazi anajua kwamba ukifungua dirisha hukaribishi hewa, unakaribisha shamba zima. Vumbi likiingia linaharibu kazi, na upepo ukipuliza plastiki kabla haijatulia, kingo zake zinajikunja kama chapati iliyosahaulika mezani. Kwa hiyo Meneja alitaka dirisha lifungwe. Afisa alitaka liwe wazi, au kama ni kulifunga, basi iletwe feni ya kunyonya ule mvuke na bomba la kuutoa nje. Meneja alisema feni itakuja. Kila alipoulizwa, feni ilikuwa njiani, na mimi nilianza kuamini kwamba inatembea kwa miguu.

Jioni, wakati wa kutoka, Afisa alisimama tena mlangoni na kutukagua mikono na macho. Ndipo aliposema maneno yake mengine, ambayo mpaka leo nayasikia nikifunga kazi: "Kila mtu atoke na alivyoingia navyo." Alimaanisha vidole, macho, mapafu. Tulimtania kwamba mwenzetu mmoja aliingia hana akili, je, naye atoke vilevile? Alisema huyo akitoka na vidole vyake vyote yeye anashukuru Mungu.

Mtaani kwake walimwogopa. Alipohamia, jirani alimuuliza anafanya kazi wapi, naye akajibu kwa kifupi chake kile, "Niko usalama." Basi yakawa hayo. Katika mji huu wenye ofisi nyingi za serikali, neno hilo halihitaji kurudiwa. Wanawake bombani walianza kupunguza sauti akipita, na mwenye duka alimwambia bila kuulizwa kwamba yeye hana chama. Afisa alituhadithia hayo huku akicheka mpaka machozi. Tulimuuliza kwa nini hakuwaeleza ukweli. Alisema, "Wanajipanga vizuri bombani nikiwepo. Niharibu ya nini?"

Alikuwa na mambo yake mengi. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inapouma na hewa ikakauka kabisa, alipiga marufuku masweta ya nailoni. Mlangoni mwa chumba cha chuma alikuwa amefunga fimbo ya shaba yenye waya ulioingia ardhini, na kila aliyepita alitakiwa kuishika kwanza ili umeme wa mwilini ushuke chini. "Ukivua sweta la nailoni gizani unaona cheche," alitueleza. "Cheche hiyo hiyo ikikutana na unga huu ukiwa hewani, hutamaliza kuvua sweta." Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kisha tukaishika fimbo.

Alikausha pia mchanga. Karibu na mtungi maalumu wa kuzimia moto wa chuma aliweka ndoo za mchanga mkavu, kwa sababu maji hayazimi moto wa unga ule, yanauchochea. Mchanga huo aliuanika juani kwenye turubai, akaugeuza kwa mkono kama uwele wa kupikia pombe. Bibi mmoja wa jirani alisimama kwenye uzio akauangalia muda mrefu, halafu akauliza kwa upole, "Mama, na huo pombe yake inakuwaje?"

Lakini mtu huyu alikuwa na vituko vyake, na hapo ndipo udadisi wangu ulipopata makazi. Yeye aliyemrudisha nyumbani mfanyakazi kwa sababu ya kandambili alipanda bodaboda bila kofia ngumu. Kila jioni. Nilimuuliza, akakunja uso na kusema, "Zile kofia zinanuka." Nikakubali, maana kweli zinanuka, ila nikajiambia kwamba fuvu ni fuvu. Tena alikula pilipili kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mama ntilie wetu alimpikia bila kuuhurumia mkono wake, akikatakata pilipili mbuzi kama mchicha. Na siku moja makande yalikuwa yamechacha, sote tukayasukuma pembeni, yeye akala mpaka akafuta sahani. Tulimsifu kwa adabu yake. Tulisema mama huyu kalelewa, hawezi kumwaibisha mpishi.

Tena hakuingia chumba cha plastiki peke yake. Alikuwa akisubiri nje, hata kama ana haraka, mpaka apite mmoja wetu. Nilidhani ni heshima ya cheo.

Alikuwa pia na sheria moja aliyoishikilia kuliko zote: usifiche kidonda. Ukijikata, sema. Kichwa kikiuma, sema. Macho yakiwasha, sema kabla hujayapikicha. Alisema anayeficha jeraha kazini anaiba, anawaibia wenzake nafasi ya kujikinga. Nilimwamini kabisa.

Sasa niseme habari ya ndoo.

Karakana ilimwajiri Mama Josefu kufanya usafi, mama wa makamo, mkimya, mwenye nyumba safi kuliko ya yeyote kati yetu. Siku yake ya kwanza Afisa alimpeleka chumba cha chuma na kumwambia, "Humu usitimue vumbi hata kidogo. Ufagio mkavu ni marufuku." Mama Josefu aliitikia. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafika, alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, kama kila mwanamke wa huku alivyofundishwa na wake: alinyunyizia maji sakafuni kwanza, vumbi likalala, ndipo akafagia. Unga uliokuwa umebaki kwenye kona akauzoa ukiwa na unyevu, akautia kwenye ndoo na kufunika vizuri na mfuniko, kama mtu mstaarabu. Ndoo akaiweka ukumbini.

Unga ule ukikutana na maji hutoa hewa, na hewa hiyo inashika moto upesi sana. Sisi tulipita pale asubuhi nzima na vikombe vya chai. Mchana Afisa alipita na kusimama. Mfuniko ulikuwa umevimba juu kama tumbo la ng'ombe aliyevamia majani mabichi.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Tokeni wote. Msikimbie. Asiguse mtu swichi wala simu." Tulitoka. Huko nje, mbali kabisa getini, aliwapigia zimamoto, na tukamsikia akiwaambia wasije kumwaga maji. Wa upande wa pili inaonekana aliuliza waje na nini sasa, maana alijibu, "Njooni na subira. Mchanga ninao." Kabla hawajafika tulisikia kishindo kimoja. Mfuniko ulikuwa umejirusha wenyewe na kugonga dari. Hakukuwa na moto. Mungu alikuwa zamu siku hiyo.

Meneja alikuja anatokwa jasho, akauliza nani amefanya jambo hili. Mama Josefu alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, analia kimyakimya, akijua kibarua kimeota nyasi.

"Mimi," alisema Afisa.

"Wewe umeweka maji kwenye unga?"

"Nilimwambia asitimue vumbi. Hakutimua. Nilimwambia asichotakiwa kufanya, sikumwambia afanye nini. Angefanya nini, auzomee?"

Tangu hapo hakuna katazo lililotoka kinywani mwake bila kufuatwa na maelekezo. Mama Josefu alifundishwa kutumia mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa unga wa namna ile, na akawa mkali juu yake kuliko sisi. Nilimpenda sana Afisa siku ile. Jengo lingeweza kulipuka na sisi ndani, naye hakumgombeza mtu.

Ndiyo maana yaliyofuata yalinishangaza.

Ilikuwa kiangazi, na tulikuwa na oda kubwa ya mapangaboi ya pampu. Vijiji vilikuwa vinasubiri maji, hilo si jambo la mzaha, na Meneja aliamuru dirisha lisifunguliwe hata kidogo. Tulichapa kutwa, siku baada ya siku. Asubuhi moja nikafika kabla yake, nikaingia chumbani kuangalia kazi, nikatoka mlangoni kumsalimia.

"Marahaba. Unasikia harufu gani?"

"Leo hakuna harufu, Mama," nikasema kwa furaha. "Chumba kisafi kabisa."

Nyuma yangu alikuwa anaingia mwenzangu, ameziba pua kwa kiganja. Afisa alimtazama yeye, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika kiasi kwamba niligeuka kuona kama kuna kitu nyuma yangu.

Alinishika mkono akanipeleka kwa mama ntilie. Akanifunika macho kwa kanga. Akanisogezea kitu puani. "Nini hiki?" Sikujua. Akasogeza kingine. Sikujua. Nilipofunuliwa macho niliona kitunguu kilichokatwa, ndimu, na kitunguu saumu kilichopondwa, vyote chini ya kidevu changu.

"Ni mafua tu, Mama."

"Una kamasi?"

"Sina."

Alirudi karakana, akazima printa moja baada ya nyingine, oda ikiwa katikati, akafunga chumba cha plastiki na kutia ufunguo kifuani. Meneja alikuja mbio. Akamwambia oda ikichelewa, yeye Afisa ndiye atakayejieleza makao makuu, na huenda asirudi.

"Nitajieleza."

"Mama, umefunga kazi kwa sababu ya pua?"

"Kwa sababu ya pua!" Alipaza sauti mpaka Mama Josefu akaangusha kitu huko ndani. Hatukuwahi kumsikia hivyo. "Feni ikifungwa, chumba kitafunguliwa. Kabla ya hapo, njoo na polisi!"

Mimi nilirudi Nkuhungu, kwenye chumba changu cha kupanga, nikiwa na hofu ambayo sikuijua kabla. Nilinusa sabuni, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa nguo za jana. Dunia ilikuwa imefunikwa mfuniko. Lakini hata katika hofu hiyo kitu kimoja kilinisumbua. Kwa ndoo ambayo ingetuua sote alikuwa mpole kama mkunga, kwa pua yangu moja akawa mbogo. Kwa nini? Niliwauliza wenzangu, wakasema mama kachoka. Sikuridhika.

Feni ilifika. Safari hii ilikuja kwa gari. Bomba likapita ukutani, mvuke ukatoka nje, na dirisha likabaki limefungwa bila ugomvi. Vijiji vilipata pampu zao, zimechelewa lakini zimefika. Afisa aliitwa makao makuu, akajieleza, akarudi, hakusema aliambiwa nini. Mimi alinikataza kusogelea karakana mpaka pua ipone.

Ilipona asubuhi moja bila taarifa. Nilikuwa kitandani, jirani anakaanga, na ghafla nikajua anakaanga nini. Nililia kama mjinga. Kisha nikampigia simu.

"Mama! Nasikia dagaa!"

Akauliza, "Dagaa wa wapi? Wa Kigoma au wa Mwanza?"

"Wa Mwanza."

"Vizuri. Njoo kazini."

Alistaafu baadaye kidogo, na kazi yake nikapewa mimi, baada ya kusomea. Nasimama mlangoni, nauliza swali lake. Nilipata habari kwamba amejenga Mkonze na anaishi na bintiye. Mwaka huu nilikwenda kumwona, nikiwa na sukari, sabuni, na lile swali langu ambalo halijaniacha.

Nilimkuta amekaa mkekani barazani, mjukuu wake mchanga amelala mapajani. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yale yale. Kabla hata ya marahaba aliniangalia viatu. Tulizungumza habari za karakana, za Mama Josefu ambaye sasa anafundisha wageni, za Meneja aliyehamishwa. Ndipo harufu niliyoisikia tangu nikae ikazidi.

"Mama, umebandika maziwa?"

"Ndiyo, jikoni."

"Yanaungua."

"Tangu lini?"

"Tangu nikae. Nilidhani ni ya jirani."

Nilikimbia nikaepua sufuria. Chini palikuwa peusi, na moshi umejaa jikoni, ule moshi mchungu ambao hata kipofu angeukimbia. Mlango wa jiko ulikuwa hatua chache tu kutoka mkekani kwake. Niliporudi hakuwa ametikisika. Alikuwa anamwangalia mtoto.

"Mwanangu," alisema, "mimi sisikii harufu. Miaka mingi sasa."

Nilikaa. Akanisimulia bila kujihurumia. Kabla yetu alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha plastiki, mji mwingine, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Mwanzoni mvuke ulimsumbua. "Halafu nikazoea. Nilidhani harufu imeondoka, kumbe iliyoondoka ni pua yangu. Nikafurahi, kama wewe siku ile. Ulisema chumba kisafi. Ni maneno yangu yale yale."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Afisa usalama asiye na pua? Wangeniweka? Hatari zenyewe nilizijua, nikajiambia, nitaazima pua zao. Kila asubuhi niliazima zenu."

"Wewe uliyetuambia tusifiche kidonda."

"Mimi," alikubali. "Niliwaibia. Na ndiyo maana sikuingia mle peke yangu, nilihitaji pua ya mtu."

Niliumia, na nilimkasirikia, na nilitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja, sikujua nianze na lipi. Nikaanza na dogo. "Na zile kofia za boda zinazonuka?"

"Niliwasikia mkisema zinanuka," akajibu, na tukacheka mpaka mtoto akajinyoosha usingizini.

Tulipotulia aliniuliza kama feni bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Akaniuliza kama wote wanatoka na walivyoingia navyo. Nikamwambia wote, mpaka leo wote. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamwinua yule mtoto taratibu, akamsogeza kwangu kwa mikono miwili, utosi mbele.

"Huyu nimemwogesha, nimemlisha, nimemlaza toka siku alipoletwa," alisema. "Watu wananiambia watoto wachanga wananukia. Mtoto wa kwanza wa jirani, wa pili, wote wanasifiwa. Huyu wangu sijui. Unasikia harufu gani?"

Niliinama nikanusa ule utosi. "Maziwa, Mama."

"Maziwa gani?" akauliza. "Mabichi au yaliyochemshwa?"

Nikafumba macho, nikainama tena, nikanusa polepole, maana alikuwa anasubiri jibu sahihi.